Muulize Askari Wako Mwaka

Swali la leo limetoka Karagita, Naivasha, hapo South Lake Road, kwa kijana anayefanya kazi kwenye banda la kupakia maua. Jamaa yake aliye Uingereza alimtumia boksi la askari wa plastiki, wale wadogo wa kipimo cha 1/72, ambao mtu mzima hafiki sentimita mbili na nusu. Boksi linasema ni askari wa Afrika Mashariki, basi. Siku ya mapumziko yeye na majirani wa ploti huwapanga mezani wakapigana vita kwa dadu na rula. Sasa wamezozana. Mmoja anasema hawa askari ni uongo mtupu, mbona hawana viatu? Mwingine anasema viatu si neno, kosa ni bunduki. Kijana ananiuliza: dada, nitajuaje kama ni wa kweli kabla sijawapaka rangi?

Mdogo wangu, kabla hujatazama mguu wala bunduki, mshike askari mmoja umuulize: wewe ni wa mwaka gani, na ulikuwa wapi? Boksi lisilotaja mwaka limewaachia kazi hiyo nyinyi. King's African Rifles, ile KAR ya mababu zetu, iliundwa mwaka 1902 na ikadumu hadi miaka ya uhuru. Hakuna jeshi linalovaa nguo zile zile miaka 60. Anayesema "askari wa KAR alikuwa hivi" bila kutaja mwaka, usimbishie wala usimkubalie. Mwombe mwaka kwanza.

Haya, tuanze na miguu, kwa kuwa ndiyo iliyowagombanisha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi wa KAR walitembea pekupeku au kwa makubadhi ya ngozi, huku wamezungushia kitambaa kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti. Kwa hiyo aliyetengeneza askari wako bila viatu huenda alitazama picha za wakati ule kwa makini kuliko yule anayewacheka. Ukimpeleka askari huyo huyo Burma mwaka 1944, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, hapo umekosea. Kule kwenye matope ya bonde la Kabaw walikuwa na buti. Askari wa Wajerumani naye alianza vita mwaka 1914 na buti zake, lakini meli za Waingereza zilipofunga bahari, viatu vikaisha na nguo zikawa za kufumwa na kutiwa rangi humo humo Tanganyika. Kwa hiyo Mjerumani wako wa 1917 usimpake rangi moja safi kutoka kichwani hadi miguuni. Mmoja awe wa kahawia, mwingine wa kijivu kilichopauka, mwingine shati lake lisilingane na kaptura. Hapo ndipo watakapofanana na watu waliokuwa vitani miaka mitatu.

Kichwani ndiko kwenye ushahidi ulio wazi zaidi. Tarbushi yenye kifuniko cha khaki, kitambaa kikining'inia kufunika shingo na tai wa chuma mbele, ni ya askari wa Mjerumani. KAR ya vita hivyo ilivaa tarbushi iliyofunikwa khaki, na pia kofia fupi ya mviringo isiyo na ukingo, nayo mara nyingi ikiwa na kitambaa cha shingo. Ile kofia pana ya ukingo uliopinda upande mmoja, ambayo wengi wenu mmeiona kwenye picha za wazee ukutani, ni ya vita vya pili. Mtengenezaji akikuuzia kofia hiyo na boksi limeandikwa 1914, mrudishie.

Sasa bunduki, na hapa nataka mtulie, kwa sababu hapa ndipo watu wanaojiona wajuzi huanguka. Agosti 1914 askari wengi wa Wajerumani walikuwa na Mauser ya zamani, ya mtindo wa 1871, iliyotumia baruti ya moshi. Ukipiga risasi moja tu, wingu jeupe linamwonyesha adui mahali ulipo. Mezani kwenu chukueni pamba kidogo, muiweke mbele ya kikosi cha Mjerumani kila kinapopiga, na anayepigwa aruhusiwe kujua risasi zimetoka wapi. Kisha Novemba 1914 ikaja Tanga. Jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilishindwa, likaacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Mwaka uliofuata meli ya Rubens ikafikisha silaha nyingine kaskazini ya Tanga, na mwaka 1916 meli ya Marie ikaingia Sudi, kule Lindi. Novemba 1917, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akavuka mto Ruvuma akawapokonya Wareno bunduki zao Ngomano. Alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, karibu bunduki zote ambazo askari wake walikabidhi zilikuwa za Waingereza na Wareno. Kwa hiyo ukimwona askari mwenye tai wa Mjerumani kichwani na bunduki ya Mwingereza mkononi, usiharakishe kusema fundi amechanganya. Akiwa wa mwezi wa nane 1914, kosa. Akiwa wa 1918, pengine ndiye wa kweli kuliko wote mezani.

Urefu wa bunduki unaweza kuupima mwenyewe kwa rula ya shule. Lee-Enfield fupi ilikuwa na sentimita 113. Gawanya kwa 72, utapata milimita 16 kasoro kidogo. Mauser ya 1898 ilikuwa na sentimita 125, nayo inakupa milimita 17 na ushei. Tofauti ni ndogo, lakini jicho linaiona ukiwaweka sambamba. Unene usiulaumu. Mtutu wa kweli ukipunguzwa mara 72 unakuwa mwembamba kiasi kwamba plastiki ingevunjika ukiigusa, kwa hiyo fundi hana budi kuunenepesha. Vivyo hivyo mkono uliogandana na kifua, au mkoba usio na mkanda, mara nyingi ni ubaya wa kalibu ya vipande viwili, si ujinga wa historia. Tofautisha kosa la kiwanda na kosa la anayedai kujua.

Nikiwa hapo, nizungumzie na wale askari wa kijani wanaouzwa kwa pakiti vibandani. Watoto wacheze nao kwa raha zao. Ni Wamarekani wa vita vyao vingine kabisa, na kuwapaka khaki hakutawafanya KAR, kwa sababu helmeti ya chuma na ile M16 hazitafichwa na rangi.

Farasi nao! Walowezi wa Nairobi walianza vita wakiwa juu ya farasi, na jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilikuja nao kwa maelfu mwaka 1916. Ndorobo waliwamaliza. Ukipanga mbio za farasi kwenye mabwawa ya Rufiji mwaka 1917, hakuna rangi itakayokuokoa.

Lakini kuna kosa moja linaloniuma kuliko viatu na bunduki vikijumlishwa, na halipo kwenye askari yeyote ndani ya boksi lako, kwa sababu ni la mtu ambaye hakuwekwa humo. Hesabu vizuri: wangapi wamebeba bunduki, na wangapi wamebeba mzigo? KAR ilikua kutoka batalioni 3 mwaka 1914 hadi 22 mwaka 1918. Ni nani aliyebeba unga wao, risasi zao na maji yao mahali ambapo hapakuwa na reli wala barabara, na ng'ombe wa kukokota walikuwa wamekufa? Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi zaidi ya 400,000 katika vita hivyo, wengi kwa lazima, hasa mwaka 1917. Waliokufa, kwa hesabu rasmi, ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini walikaribia 100,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, na unga wa mahindi usioiva vizuri kwa sababu hapakuwa na muda wala kuni. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawa hawakuwekewa jina popote.

Basi mimi nakwambia wazi: meza yenye askari 40 wa KAR walio sahihi hadi kifungo cha mwisho, bila mpagazi hata mmoja, ni meza ya uongo. Afadhali kofia iwe na kasoro. Kama boksi halina wapagazi, watengeneze. Chukua askari aliyeharibika, mkate bunduki kwa wembe, mtengenezee blanketi begani kwa karatasi ya chooni iliyolowa gundi, na kichwani mtwike kiboksi cha kipande cha kijiti cha kiberiti kilichozungushwa uzi. Mfanye mwembamba. Kisha wekeni sheria: kikosi kinachowapoteza wapagazi hakisongi mbele. Mtaona jinsi vita vyenu vitakavyobadilika.

Kijana ameuliza pia kama anaweza kutengeneza mchezo wa nyumbani, wa tarehe 26 Machi 1953, usiku ambao wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakabeba silaha na kuwafungulia wafungwa zaidi ya 170. Tengeneza, na ufanye kwa heshima, kwa maana jirani yako wa ploti anaweza kuwa mjukuu wa upande wowote. Usinunue wanamgambo wa siku hizi wenye AK ukawaita Mau Mau. Bunduki nyingi za msituni zilikuwa za kujitengenezea, kwa bomba la maji, komeo la mlango, ubao na vipande vya mpira, na wengi walikuwa na panga au simi tu. Nywele ndefu za kusokotana nazo zilikuja na miezi na miaka ya kukaa msituni, usimpe kila mtu wa Machi 1953.

Ukienda Nairobi, shuka Kenyatta Avenue uzunguke sanamu za shaba za askari na mpagazi zilizowekwa mwaka 1928. Zitazame kutoka nyuma pia, kwa sababu mikanda na mikoba picha nyingi haziionyeshi. Ni ushahidi mzuri, ingawa zilichongwa miaka kumi baada ya vita. Sanamu ya Dedan Kimathi pale Kimathi Street, ya mwaka 2007, ni ya kumkumbuka na kumheshimu. Kwa mambo ya koti na viatu, tafuta picha za miaka ya 1950 yenyewe.

Na rafiki yako aliyecheka miguu isiyo na viatu, usimwaibishe mbele ya wenzake. Mpe picha aitazame mwenyewe. Pia, tafadhali, boksi la pili lisubiri hadi kodi ya nyumba ilipwe.

Karagita ina watu kutoka kila pembe ya Kenya, na najua kwenye masanduku yenu kuna picha za mababu waliovaa kofia za jeshi. Mkienda nyumbani Desemba hii, muulizeni mzee aliyebaki: huyu ni nani, alikuwa kikosi gani, wapi, mwaka gani? Kisha mwandike majibu nyuma ya picha, kwa penseli laini, kwa sababu wino huvuja ukaharibu sura.