Jiwe Linalochemsha Maji

Watu wa mwambao wa Afrika ya Mashariki wamejua kuchoma chokaa tangu zamani. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, magofu ya Gedi karibu na Malindi, na nyumba kongwe za Lamu na Unguja, zote zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe ilitoka katika matumbawe yale yale. Hata leo chokaa ingali ikitumika. Hupakwa kutani ili nyumba ing'ae, hutiwa shambani penye udongo wenye uchachu, na wazee hupaka kidogo juu ya jani la tambuu. Ni kitu cha kila siku, na kwa sababu hiyo watu hawaulizi habari zake. Walakini chokaa ina maswali mengi, na mwanafunzi akiyafuata moja baada ya moja, kwa mizani na kwa macho yake, atajifunza sehemu kubwa ya elimu ile iitwayo kemia, yaani elimu ya vitu jinsi vilivyoungana na jinsi vinavyogeuka.

Mchomaji chokaa hupanga magogo kwa duara, vichwa vikielekea ndani, akaacha tundu katikati mfano wa kisima kidogo. Juu ya magogo hulundika mawe ya matumbawe yaliyovunjwa vipande vipande. Kisha hutia moto katika lile tundu, na tanuu huwaka usiku kucha. Moto sharti uwe mkali, yapata digrii 900, na maji huchemka kwa digrii 100 tu. Mchomaji mwema huchukua mawe ya nchi kavu, matumbawe yaliyokufa zamani sana. Wako wengine waliovunja matumbawe yaliyo hai baharini, kama ilivyotokea katika ghuba ya Mikindani, na hasara yake ni kubwa: samaki hukosa makao, na mawimbi hupata njia ya kupiga pwani bila kizuizi.

Jiwe likiisha kuiva hubaki na umbo lake, lakini limekuwa jepesi. Hiyo huitwa chokaa isiyozimwa. Ukitazama kipande chake huoni ajabu. Kikinyunyiziwa maji, kwanza huyanywa kimya; baada ya kitambo hupasuka, hufura, hutoa mvuke kwa sauti ya kuchemka, na mwisho hubomoka kuwa unga mweupe laini. Waashi husema kwamba chokaa "imezimwa", kana kwamba palikuwa na moto. Basi mtoto akimwuliza fundi mzee, "Babu, moto huu watoka wapi, na kuni hamna?" fundi humjibu, "Ni moto wa tanuu, mjukuu wangu. Uliingia ndani ya jiwe ukalala. Sasa maji yameuamsha."

Jibu hilo si la kuchekwa. Wenye elimu wa Ulaya waliliamini muda mrefu, wakidhani kwamba ukali wa chokaa, ule unaochoma ngozi, ni moto uliohamia jiweni. Lakini mizani yatoa ushahidi mwingine. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa kabisa, hutoka kilo 56 tu. Kilo 44 zimekwenda wapi? Si maji, kwa maana hata jiwe likiwa kavu kabisa upungufu ni ule ule. Wala si majivu, kwa maana jiwe halikuungua kama kuni.

Aliyelifumbua fumbo hili ni Joseph Black, mganga wa Scotland, aliyezaliwa mwaka 1728 na kufa mwaka 1799. Alipokuwa akisomea uganga katika mji wa Edinburgh, maprofesa wawili wa hapo walikuwa wakibishana juu ya maji ya chokaa, ambayo siku zile yalitolewa kuwa dawa ya vijiwe vya kibofu. Mmoja alisifu chokaa ya makombe ya chaza, mwingine chokaa ya mawe. Kijana hakuingia katika ugomvi wa wakubwa. Alichukua kitu kingine kilicho jamaa ya chokaa, unga mweupe uitwao magnesia, akauchoma, akaupima kabla na baada ya kuuchoma, akaona kwamba sehemu kubwa ya uzito uliopotea ilikuwa ni hewa. Kisha aligeukia chokaa akakuta mambo ni yale yale. Maandiko yake yalipigwa chapa mwaka 1756. Hewa hiyo aliiita hewa iliyofungwa, kwa kuwa ilikuwa imefungwa ndani ya jiwe. Siku hizi huitwa hewa ya ukaa.

Kwa hiyo moto haukuingia ndani ya jiwe. Moto ulifukuza kitu kilichokuwamo. Neno hili moja likishikwa vema, maswali mengine yote ya chokaa hufunguka kama vifundo vya kamba moja.

Kwa nini basi maji yachemke? Kwa sababu chokaa na maji huungana kuwa kitu kimoja kipya, na katika kuungana huko joto hutoka. Hesabu yake ni hii: kilo 56 za chokaa hushika kilo 18 za maji, zikawa kilo 74 za unga mkavu. Maji yamo, ingawa mkono hauyaoni. Joto lenyewe si dogo: kilo 1 ya chokaa safi, ikizimwa, hutoa joto la kutosha kuchemsha lita 3 za maji. Katika karne ya 19, mabaharia wa jimbo la Maine katika Marekani, waliochukua chokaa kwa merikebu za mbao, waliogopa tundu dogo chini ya chombo kuliko tufani. Kwani maji yakiifikia shehena, mbao ziliwaka moto katikati ya bahari.

Hatari iliyo karibu na watoto ni ya jicho. Chokaa iliyo kavu hutafuta maji, na jicho ni maji. Ikiingia humo hula jicho na huweza kulipofusha, hata ile iliyokwisha kuzimwa. Mtu akipatwa na ajali hiyo asisugue, wala asitie siki, wala maziwa, wala dawa ya majani. Na ashikwe kichwa, jicho lifunuliwe, chembe za chokaa ziondolewe, na maji safi mengi yamiminwe juu yake mfululizo, nusu saa au zaidi. Kisha apelekwe hospitali upesi. Kuzima chokaa ni kazi ya watu wazima wenye kujua, na watoto hukaa mbali, upande utokako upepo.

Swali la pili ni la ukuta. Mwashi huchanganya chokaa iliyozimwa na mchanga na maji, akajenga au akapiga lipu. Mchanganyiko ule huwa laini kama uji mzito, lakini baada ya miezi na miaka huwa mgumu kama jiwe. Watu husema, "Umekauka." Kukauka kumo, lakini hakutoshi kuwa sababu. Udongo wa mfinyanzi nao hukauka, na ukitiwa maji huwa tope tena. Lipu ya chokaa ikiisha kushika hairudi kuwa tope, ijapopigwa na masika mengi. Na tena, mafundi hulaza chokaa iliyozimwa katika shimo na kuifunika kwa maji, nayo hukaa laini mwaka hata mwaka. Plinio, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, ameandika kwamba sheria za kale za ujenzi ziliwakataza makandarasi kutumia chokaa iliyozimwa ambayo haijatimiza miaka 3. Kama chokaa ingekuwa inashika kwa nguvu zake yenyewe, ingegeuka jiwe humo shimoni. Imekosa nini? Imekosa hewa.

Hewa ya ukaa iliyofukuzwa na moto imo katika upepo, ingawa ni kidogo sana. Ukuta huivuta polepole, kuanzia nje kwenda ndani, na kadiri unavyoivuta ndivyo unavyorudi kuwa jiwe. Zile kilo 74 za chokaa iliyozimwa hupokea kilo 44 za hewa ya ukaa. Hutokea kilo 100 za jiwe, na kilo 18 za maji hutoka nje. Tazama jinsi hesabu ilivyokamilika: 100, na 44, na 18, zote zimerudi mahali pake. Mchomaji alichovunja, upepo umekiunga, na msikiti wa kale umesimama kwa jiwe lililokufa likafufuka.

Maji yale yatokayo ndiyo sababu ya jambo lililowashangaza waashi wa Ulaya. Walipotaka lipu ishike upesi waliweka majiko ya makaa chumbani, na kuta, badala ya kukauka, zilitoka jasho. Makaa yalitoa hewa ya ukaa kwa wingi, chokaa ikaipokea na kuyaachia maji. Lakini mtu asilale katika chumba chenye jiko la makaa, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa pia hewa nyingine, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini bila kumwamsha. Hata tanuu ya chokaa ina mauti yake. Katika Ulaya, maskini wasio na nyumba waliolala kando ya tanuu wapate joto walikutwa asubuhi wamekufa, kwa kuwa hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hutambaa chini na kutuama mabondeni kama maji.

Mwanafunzi aweza kuiona hewa hiyo, au tuseme kuona kazi yake, bila tanuu wala moto. Mwalimu na atie kijiko kimoja cha chokaa mpya iliyozimwa katika chupa ya maji, atikise, aifunge, aiache hata kesho. Maji ya juu yatakuwa safi kama ya kunywa, lakini si ya kunywa. Ayamimine taratibu katika bilauri mbili. Katika ya kwanza mwanafunzi apulize pumzi kwa bua au mrija, akijihadhari asivute hata tone moja. Katika ya pili atie hewa kwa pampu ya baiskeli. Maji ya pumzi hugeuka upesi kuwa meupe kama maziwa. Ya pampu hukawia sana. Hewa ya nje ina yapata sehemu 4 tu za hewa ya ukaa katika sehemu 10,000, bali pumzi itokayo mwilini ina yapata sehemu 4 katika 100. Weupe ule ni jiwe lenyewe, limezaliwa katika bilauri kwa pumzi ya mtoto.

Mwenye subira akizidi kupuliza ataona jambo la ajabu zaidi: weupe hupungua, na maji huanza kuwa safi tena. Hewa ya ukaa ikizidi huyeyusha jiwe lile lile ililoliumba. Maji hayo yakichemshwa, hewa iliyozidi hutoka na weupe hurudi. Ndivyo birika linavyofanya ukoko mweupe ndani katika nchi zenye maji magumu; na ndivyo mapango ya Amboni karibu na Tanga yalivyochimbwa, maji ya mvua yakichukua hewa ya ukaa na kulila jiwe kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka.

Siku hizi wajenzi wengi hutumia saruji, ambayo nayo hutokana na jiwe la chokaa lililochomwa pamoja na udongo. Saruji hushika upesi, hata chini ya maji, na kwa madaraja haina mfano. Lakini haifai kwa kila kazi. Ukuta wa kale wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huuacha upite. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungwa ndani, chumvi hujikusanya, na matumbawe huanza kumomonyoka nyuma ya uso ulio mzuri. Kwa sababu hii wanaotengeneza magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, wanahitaji fundi ajuaye chokaa, na mafundi wa namna hiyo si wengi.

Limebaki swali la mnunuzi: atajuaje kwamba chokaa aliyoletewa ni nzuri? Na achukue unga kidogo katika kisahani, autie siki au maji ya ndimu. Maganda ya yai yaliyosagwa yakifanyiwa hivyo hutoa povu, kwa kuwa ni jiwe la aina ile ile, na hewa ya ukaa inatoka. Chokaa njema haitoi povu, au hutoa kidogo tu, maana hewa yake ilitoka tanuuni. Unga ukifoka povu jingi, basi ama jiwe halikuiva, ama gunia limekaa wazi siku nyingi na chokaa imekwisha kuvuta hewa, imerudi kuwa jiwe ingali unga. Hiyo haitashika tena mchanga wala mawe, hata ikichanganywa namna gani. Lakini ikirudishwa tanuuni hewa itatoka mara ya pili, nayo itakuwa kama mwanzo.