Mafunzo Niliyopata kwa Kufuga Kobayi Mususa

Mnyama anayetumiwa katika maabara za dunia ndiye tunayemfuga jikoni hapa Mususa, mjini Butembo: kobayi, ambaye Watanzania humwita simbilisi. Familia nyingi zilizokimbia mauaji ya Beni tangu 2014 zilipoteza mbuzi na ng'ombe, lakini kobayi huingia kikapuni na huzaa upesi. Huzaa upesi akilishwa vema. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Jani bichi ni dawa ya uzazi

Kobayi, kama mtu, hawezi kujitengenezea vitamini C, panya anaweza. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwe waliwalisha kobayi nafaka tupu, nao wakaugua kiseyeye. Jike mwenye mimba huhitaji hadi miligramu 30 za vitamini hiyo kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, karibu mara 3 ya asiye na mimba. Kiangazi kikikausha nyasi, majirani hubaki na pumba na maganda ya muhogo, na hapo ndipo nasikia kwamba majike yanaharibu mimba. Matembele yaliyokatwa asubuhi ileile ndiyo tegemeo langu. Chakula cha gunia kilicholala dukani miezi kadhaa, vitamini yake imekwisha kupungua.

2. Mlishe kabla hujaona tumbo

Mimba ya kobayi huchukua siku 59 hadi 72, na wengi humwongezea jike chakula tumbo linapoonekana. Wakati huo mengi yameshaamuliwa. Kiinitete hujishikiza kwenye mji wa mimba siku ya 6 au ya 7. Kabla ya hapo huishi kwa majimaji ya mama, na majimaji hayo hufuata kile alichokula.

Mwaka 2000 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliwapa panya wenye mimba chakula chenye protini kidogo kwa siku 4 za kwanza tu, kisha wakawarudishia chakula kamili. Viinitete vilikuwa na seli chache kuliko kawaida, na baadhi ya watoto walikua na shinikizo la juu la damu. Siku 4 tu!

Sasa kumbuka kwamba jike la kobayi hupata joto saa chache tu baada ya kuzaa. Dume akiwepo, mama anayenyonyesha anaweza kuwa tayari amebeba mimba nyingine. Nyumbani watu wanafurahia watoto, naye anasahauliwa, wakati kiinitete kipya kinaanza safari yake kwa masazo. Kwangu, fungu bora la majani ya maharagi na ya viazi vitamu ni la mzazi wa jana.

3. Unene nao ni hatari

Jike lililonona sana likiacha kula mwishoni mwa mimba, mafuta ya mwili humgeukia kuwa sumu, na mara nyingi hufa pamoja na watoto wake.

4. Mahindi ya ukungu si ya mifugo

Usalama ukikosekana, mavuno huchelewa na mahindi hulowa shambani. Watu husema, "Wape wanyama." Mimi nakataa kabisa. Ukungu wa Fuzari hutoa zearalenoni, sumu inayojifanya homoni ya kike. Imejulikana zaidi kwa kuvuruga uzazi wa nguruwe, na sioni sababu ya kuijaribu kwa kobayi.

5. Usiharakishe kumwita tasa

Mwaka 1922, huko Berkeley, Marekani, Herbert Evans na Katharine Bishop waliona panya waliolishwa chakula kilichosafishwa mno wakishika mimba, kisha vijusi vikafa na kuyeyuka tumboni. Majani ya saladi yaliwarudishia uzazi. Kilichokuwa kinakosekana baadaye kiliitwa vitamini E. Kwa hiyo mtu akiniletea jike asiyezaa ili achinjwe, huuliza kwanza alikuwa anakula nini. Joto lake hurudi kila siku 16 hivi. Namwachia majani mabichi na dume mzima kwa mizunguko miwili au mitatu kabla ya kukata shauri.