Kauli ya Kutendua: Jaribio la Pingili za Kuchezea

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu atakayefundisha Bugolobi, jijini Kampala, atakutana na wanafunzi wengi waliokijua Kiluganda kabla ya Kiswahili. Hao dhana ya kutendua si ngeni kwao: okuzinga ni kukunja, okuzingulula ni kukunjua. Wanachohitaji ni kujua mipaka ya kanuni hiyo katika Kiswahili.

Shughuli. Tuwape wanafunzi pingili 12 za mnyororo wa buldoza ya kuchezea. Zisipopatikana, vipande vya mrija vilivyotungwa kwenye uzi vinatosha. Waziunge, waufunge mnyororo uwe duara, kisha waubonyeze uwe pembetatu yenye pingili nne kila upande, halafu mraba wenye pingili tatu kila upande. Mwishowe waufungue. Kila tendo walitaje kwa kitenzi chake.

Uchunguzi. Umbo hubadilika, pingili hubaki zile zile. Vivyo hivyo mzizi -fung- hubaki katika funga na fungua. Kilichoongezeka ni kiambishi -u-. Ndivyo ilivyo kwa kunja na kunjua, tega na tegua. Mzizi wenye irabu o huchukua -o-: chomeka, chomoa.

Tahadhari. Mwanafunzi anayetaka kuachanisha pingili alizoziunga huenda akatangaza, "Nimeungua!" Mwalimu atamtazama vidole akitafuta lengelenge, maana ungua ni kupatwa na moto, wala hakuhusiani na unga. Neno linalotakiwa ni tenganisha. Aidha, pindua si kinyume cha pinda: kilichopindwa hunyooshwa, na kilichopinduliwa kimegeuzwa juu chini.

Kosa hili halitokani na uvivu, bali na kuifuata kanuni kwa uaminifu. Basi tumsifu kwanza mwanafunzi kwa kuiona kanuni, ndipo tumpe neno lililozoeleka. Anayechekwa kwa kukisia hujifunza kunyamaza, na aliyenyamaza hatujui tumsahihishe nini.

Zoezi
1. Nyambua katika kauli ya kutendua: ziba, anika, fukia, bandika.
2. Kwa nini pakua ni kinyume cha pakia lakini si cha paka?
3. Andaa maelekezo matano ya kuunda mstatili kwa pingili 12, ukitumia vitenzi viwili vya kutendua.