Sanduku la Kuoteshea Miche na Njia za Hewa

Wenzangu wengi wameniuliza kwa nini sanduku la miche la chama chetu cha kilimo lina matundu, hali tunataka joto likae ndani. Swali hili ni zuri, nami nitalijibu pamoja na kueleza namna ya kulitengeneza.

Hapa Kabale tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi ni kali, na mbegu za nyanya, zinazopenda joto la nyuzi 20 hadi 30 za Sentigredi, huchelewa kuota. Kwa hiyo huziotesha ndani ya nyumba. Sanduku la kwanza lilijengwa na wanafunzi waliotutangulia, nalo lilizibwa pande zote. Mbegu ziliota upesi, lakini kabla ya majuma mawili kupita mashina yalioza penye usawa wa udongo, miche ikalala chini. Ugonjwa huo huletwa na kuvu na vimelea vinavyofanana nao, ambavyo husitawi penye unyevu mwingi na hewa iliyotulia. Wazazi walioagiza miche hawakupata kitu, na mvua haimngoji mtu.

Sanduku letu la sasa ni la mbao nyembamba. Upana wake ni sm 60, kina sm 60, na kimo sm 90. Yaani linachukua lita 324 za hewa. Ndani tumelipaka rangi nyeupe ili mwanga urudishwe kwenye majani. Mlango una bawaba mbili. Juu tumetundika taa ya LED ya wati 40, sm 30 kutoka kwenye miche. Huwaka saa 14 kwa siku, basi hutumia wati-saa 560, zaidi kidogo ya nusu yuniti ya umeme.

Sasa tuje kwenye hewa. Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda juu. Kwa hiyo tundu la kutolea hewa liwe juu, na matundu ya kuingizia yawe chini, upande wa pili, ili hewa ipite katikati ya miche. Tundu la juu lina kipenyo cha sm 8, yaani eneo la sm za mraba 50 hivi. Chini tumetoboa matundu matatu ya sm 5, ambayo jumla yake ni kama 59. Njia ya kuingilia isiwe ndogo kuliko ya kutokea, ama sivyo hewa itakwama. Kwenye tundu la juu tumefunga feni ndogo ya volti 12, iliyotolewa katika kompyuta mbovu, nayo husukuma hewa nje. Matundu yote yamefunikwa kwa kitambaa cha chandarua kuzuia wadudu.

Ukitaka kuhakikisha kwamba kazi ni njema, washa kijiti cha udi, ukishike karibu na tundu la chini. Moshi ukivutwa ndani, hewa inatembea. Ukirudi nyuma, tazama kama feni imegeuzwa.

Faida za hewa ni tatu. Huondoa unyevu, huleta kabonidayoksaidi, ambayo majani huitumia kujitengenezea chakula na ambayo ni kama sehemu 4 tu katika 10,000 za hewa, tena upepo mdogo huyatikisa mashina, yakawa manene na yenye nguvu.

Angalieni hatari ya umeme. Nyaya zote zipite juu, wala msimwagilie maji kabla ya kuchomoa plagi.

Mwisho, kabla ya kuuza miche, itoeni nje kivulini kwa siku 7, mkizidisha saa kila siku, ili izoee jua na baridi. Anayenunua miche kwetu ametoa fedha yake na shamba lake la msimu mzima. Haifai tumpe mche utakaokufa juma la kwanza.