Somo kwa Makatibu: Kuchagua Kompresa ya Tela la Chama

Tela la kahawa lina kazi ya msimu. Huko Ihembe, kama ilivyo katika kata nyingine za Karagwe, kahawa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na kwa miezi michache tela halipumziki. Baada ya hapo husimama uani hadi msimu mwingine. Kwa jambo hili halitofautiani na tela la kubebea mashua kandokando ya Ziwa Viktoria: yote mawili husimama muda mrefu, upepo ukipungua kidogo kidogo bila mtu kuona, kisha siku moja hutwishwa mzigo mzito. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, hupata moto, nyuzi zake huachana, na mwisho hupasuka. Kahawa ya wanachama ikilala njiani na kunyeshewa, hasara si ya dereva.

Chama kinachotaka kununua kompresa ndogo ya kubebeka hakina budi kujihadhari na namba kubwa iliyoandikwa kwenye sanduku. Mara nyingi huwa ni PSI 150, yaani pauni 150 kwa kila inchi ya mraba. Namba hiyo ni kikomo cha nguvu ya mashine tu. Haionyeshi tairi litajaa kwa muda gani. Tairi la tela dogo la mizigo, kwa mfano lenye alama 185R14C, kwa kawaida huhitaji kama PSI 65 likibeba mzigo kamili, na kikomo chake kimeandikwa ubavuni. Karibu kila kompresa hufika hapo. Linalopaswa kuulizwa ni lita za upepo kwa dakika.

Hesabu yake si ngumu. PSI 65 ni sawa na 4.5 kwa kipimo kiandikwacho BAR. Chukua tairi lenye nafasi ya lita 40 ndani, lililobakiwa na BAR 2. Pungufu ni BAR 2.5, zidisha kwa 40, utapata lita 100 za upepo wa kawaida. Mashine iliyoandikwa lita 35 kwa dakika hupimwa ikiwa haisukumi kitu. Ikishindana na tairi lililokaza yaweza kutoa lita 20 tu. Basi tairi moja ni dakika 5. Tena kwenye kimo cha mita 1,500, kama ilivyo katika nyanda za Karagwe, hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo dakika 5 huwa 6. Matairi manne ni dakika 24. Ikiwa kitabu cha mashine kinaagiza kazi ya dakika 10 na mapumziko ya dakika 20, shughuli nzima itachukua dakika 64. Dereva asiye na subira ataruka mapumziko, na mashine itaungua katika msimu wake wa kwanza.

Umeme nao huangaliwa kabla ya kulipa. Tundu la kuwashia sigara garini lina fyuzi ya ampea 10 hadi 20. Kompresa yenye silinda mbili yaweza kuvuta 30 au zaidi, hivyo hufungwa kwa vibanio moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inazunguka. Pikapu na matrekta mengi hutumia volti 12, lakini malori makubwa mengi ni ya volti 24, na mashine ya volti 12 ikiunganishwa huko huharibika. Waya na mpira wa upepo vifike gurudumu la nyuma kabisa la tela, maana betri iko mbele. Tairi la nyuma la trekta ni shauri jingine: halihitaji nguvu nyingi, lakini humeza lita mia kadhaa, na kompresa ndogo haikuundwa kwa ajili yake.

Geji ya pekee inunuliwe pamoja na mashine, kwa kuwa ile iliyobandikwa kwenye kompresa za bei nafuu mara nyingi hudanganya. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari. Tairi lililotoka kukimbia husoma zaidi kwa sababu ya joto, na anayelipunguza upepo hapo hulikuta limelegea kesho yake.

Chama ambacho tela lake halitoki mbali na fundi wa pancha huenda hakihitaji mashine hii hata kidogo. Geji na pampu ya mguu zatosha. Kinachohitaji kununua kiombe bei kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na mashine ijaribiwe kwenye tela lenyewe, saa mkononi, mbele ya wajumbe wa bodi, kabla fedha za wanachama hazijatolewa.

Maswali ya kujadiliana: Tela la chama chenu lina matairi mangapi, na ubavuni yameandikwa kikomo gani? Gari linalolivuta ni la volti ngapi? Nani alipima upepo mara ya mwisho, na aliandika wapi?