Ihesabu Nafsi Kabla ya Kulala

Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliijua hasira ya wakubwa. Mwaka 41 Kaisari Claudius alimpeleka uhamishoni kisiwani Corsica, akakaa huko hadi mwaka 49 alipoitwa Roma kumfundisha kijana Nero. Mwaka 65 Nero huyohuyo, akiwa sasa Kaisari, alimwamuru ajiue. Mtu wa namna hiyo akiandika kitabu kuhusu hasira, inafaa tumsikilize. Ushauri wake ninaouthamini kuliko wote ni wa chumbani: kila usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza, aliipitia siku yake nzima bila kujifichia lolote.

Nawe fanya hivyo. Ukishajilaza, weka simu mbali, anzia pale ulipoamka, uifuate siku kama ilivyokwenda. Usikusanye makosa yote; tafuta mahali moyo ulipochafuka. Nani alikuudhi? Ulimjibu nini? Kisha jiulize lililo gumu zaidi: ulitarajia nini kwake?

Mifano ya Seneca ni midogo, na ndiyo maana namwamini. Anajikumbusha kwamba alibishana kwa ukali mno. Alimwonya mtu kupita kiasi, na yule mtu akaudhika badala ya kujirekebisha. Anamtaja pia mgeni aliyeketishwa karamuni mahali pasipo na heshima, akamkasirikia mwenyeji. Miaka karibu elfu mbili imepita, na bado watu hurudi harusini na kinyongo kwa sababu ya kiti! Ukilikuta jambo kama hilo katika siku yako, litaje wazi: nilikasirika kwa sababu nilitaka kuonekana. Hasira iliyotajwa kwa sababu yake halisi hupungua nguvu.

Baada ya hapo jisamehe. Wengi huishia njiani hapa, wakajilaumu hadi usiku wa manane. Seneca alijiambia asirudie kosa lile, akajisamehe, na akausifu usingizi unaofuata hesabu hiyo. Kama zoezi linakunyima usingizi, umekuwa hakimu mkali mno. Lifupishe, ulifanye mapema jioni.

Asubuhi tumia ulichokipata. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, alijiandikia kwa Kigiriki, mara nyingine akiwa vitani karibu na mto Danube, kwamba kukicha ajiandae kukutana na wambea, wasio na shukrani na wenye husuda, na akumbuke kuwa hao nao ni ndugu zake. Wewe usijiandae kwa watu wote. Chagua yule mmoja aliyejitokeza katika hesabu ya jana, bosi au shemeji, uamue mapema utamjibu vipi akirudia lake. Ukiona maneno yanakujia kwa kasi, chelewa kujibu. Seneca aliuhesabu ucheleweshaji kuwa dawa kubwa ya hasira.

Zoezi hili ni la maudhi ya kila siku. Anayepigwa nyumbani au kudhulumiwa kazini asiitumie falsafa kujifunza kuvumilia. Aseme, atafute msaada, aondoke ikibidi.

Wewe ambaye leo umegombana na mtu, anza usiku huu kwa ugomvi huo mmoja. Na kama kosa lilikuwa lako, kesho mtangulie kwa salamu.