Stadi za Akili katika Upimaji wa Sonona: Nafasi ya Lugha

Utangulizi

Sonona hufahamika zaidi kwa huzuni isiyokoma, lakini athari zake haziishii moyoni. Mgonjwa huweza kusoma ukurasa mmoja mara tatu asikumbuke alichokisoma, au akashindwa kuamua aanze na kazi ipi. Ndiyo maana hojaji ya PHQ-9, iliyochapishwa mwaka wa 2001, humuuliza mhojiwa pia iwapo hutatizika kumakinika anaposoma gazeti au kutazama televisheni. Makala hii inabainisha stadi za akili zinazopimwa kuhusiana na ugonjwa huu, matumizi yake ya kila siku, na nafasi ya lugha katika vipimo vyenyewe.

Stadi na matumizi yake

Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda mfupi. Mpimaji hutaja mfululizo wa tarakimu, naye anayepimwa huzirudia. Stadi hii humwezesha mtu kushika nambari ya simu hadi aiandike, na mwanafunzi kusikiliza sentensi ya mhadhiri huku akiandika iliyotangulia. Ya pili ni wepesi wa kufikiri: kuoanisha tarakimu na alama zake katika muda maalumu. Muuza duka huutumia wepesi huo kurudisha chenji wateja wakiwa wengi. Ya tatu ni kuhamisha mawazo: kuunganisha kwa mstari 1 na A, kisha A na 2, kisha 2 na B, na kuendelea. Mpishi anayegeuza chapati huku akichunga mchuzi usiungue hutumia stadi iyo hiyo. Ya nne ni ufasaha wa maneno: kutaja, katika dakika moja, maneno yanayoanza kwa herufi fulani.

Lugha ya kipimo

Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika. Kwa Kiingereza, herufi zilizozoeleka ni F, A na S. Katika Kiswahili, nomino nyingi huanza kwa viambishi vya ngeli. Anayepewa M atatiririka: mtu, mti, mkono, mlango. Anayepewa E atakwama upesi, na ila itakuwa ya herufi wala si ya akili yake.

Tarakimu nazo zina tatizo lake. Kati ya 1 na 9, Kiingereza kina neno moja tu lenye silabi mbili, yaani la 7. Katika Kiswahili hakuna lenye silabi pungufu ya mbili. Mwaka wa 1980, Ellis na Hennelly walionyesha kwamba watu wanaozungumza Kiwelisi na Kiingereza walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi, kwa kuwa majina yake huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Kwa hivyo, kiwango kilichowekwa kwa wasemaji wa Kiingereza kinaweza kumdhania mgonjwa msemaji wa Kiswahili mwenye afya njema.

Hitimisho

Vipimo hivi pekee havithibitishi sonona; hata ukosefu wa usingizi huweza kushusha alama. Aidha, kutafsiri maagizo tu hakutoshi. Sharti herufi zichaguliwe upya na viwango vikadiriwe miongoni mwa wasemaji wenyewe. Kazi hiyo inamhitaji mwanafunzi wa Kiswahili sawa na inavyomhitaji daktari.